Mtoto Akichora Ng'ombe, Msimchape

Ndugu zangu wa Omurushaka, na ninyi wa Kayanga, Bugene na Nkwenda mnaopita njia panda yetu kila siku, leo sikuja na habari za bei ya kahawa. Nina neno juu ya picha, na wenye haraka naomba wanivumilie.

Juzi nilisimama kumtazama fundi wa vibao akipamba ukuta wa saluni. Kijana ana mkono. Mstari anauvuta bila rula na unanyooka. Lakini alikuwa anachora nini? Binti mwenye nywele ambazo hapa kwetu hazijapata kuota kichwani mwa mtu, ameegemea gari la chini chini ambalo likiingia kijijini wakati wa masika halitoki. Nyuma ya mgongo wake, hatua kumi tu kutoka kwenye makopo ya rangi, walikuwa wanapita ng'ombe watatu wenye pembe kama pinde, wakiswagwa na mtoto mwenye fimbo ndefu kuliko yeye. Fundi hakugeuka. Nilipomuuliza mbona hachori wale, alicheka: "Mzee, nani alipie kuchorewa ng'ombe? Si anawaona bure?"

Jibu hilo limeninyima usingizi, ndiyo maana nimeshika kalamu. Maana yuko Mtanzania aliyechora vitu vya bure, vile vile tunavyoviona kila siku mpaka tukavichoka, na dunia ikavilipia.

Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, Kilimanjaro, katikati ya migomba kama sisi. Miaka ya arobaini alisoma Makerere, akafundishwa na Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha masomo ya sanaa pale na ambaye hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Kisha mwaka 1952 akaenda London, chuo cha Slade, akakaa huko mpaka 1955. Sasa mjuavyo, mtu wetu akikaa Ulaya miaka mitatu hurudi hata salamu zake zimebadilika. Ntiro angeweza kurudi na picha za madaraja na maghorofa, nasi tungempigia makofi. Yeye mwaka 1956 alichora kwa rangi za mafuta wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilichukuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, moja ya majumba makubwa ya aina hiyo duniani, na bado ni mali yake.

Pombe ya ndizi, ndugu msomaji! Wachagga wana mbege yao, sisi tuna rubisi, na hapa Karagwe nani hajaona inavyotengenezwa? Ndizi zimeivishwa, zimemenywa, zimelazwa ndani ya mtumbwi wa mti pamoja na nyasi. Mwanamume amekunja suruali hadi magotini, anazikanyaga taratibu, jasho linamtiririka, povu linapanda katikati ya vidole vya miguu, nyuki wanamzunguka na yeye hawajali. Kisha juisi inachujwa, unatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi unafunikwa kwa majani ya migomba ulale. Nimezunguka wilaya hii na ile ya Kyerwa tangu zikiwa wilaya moja, kabla hazijagawanywa mwaka 2012. Kazi hiyo sijaiona imechorwa ukutani hata mara moja. Simba nimewaona, na simba Omurushaka hatuna.

Mtaniambia: huyo alikuwa msanii tu, ndiyo kazi yake. Sivyo. Ntiro alikuwa mwalimu Makerere. Mwaka 1953 alitoa kitabu kwa Kiswahili, Desturi za Wachagga. Tulipopata uhuru mwaka 1961, alipelekwa London kuiwakilisha nchi, akakaa mpaka 1964, na baadaye akawa kamishna wa utamaduni hapa nyumbani. Alifariki mwaka 1993. Taifa changa lilimpa dhamana mtu ambaye mkono wake ulizoea brashi, wala halikuona aibu. Leo mtoto akisema anataka kuchora, mzazi anauliza: na kazi utafanya lini?

Niseme ukweli, maana makala ya sifa tupu ni kazi ya washereheshaji. Wapo wanaozitazama picha za Ntiro wakasema hajui kuchora. Watu wake ni wadogo, nyuso hazina mengi, miili imerahisishwa. Mimi nakubali kwamba misuli haikuwa hoja yake. Ukweli wake umo katika kazi: nani anabeba nini, nani anatangulia, watu wangapi wanahitajika kuifanya. Anayetaka ukweli wa aina nyingine, wa jani kwa jani, atazame Marekani.

Huko alikuwapo Andrew Wyeth, aliyezaliwa 1917 na kufariki 2009. Utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa, akasomeshwa nyumbani, na kuchora alifundishwa na baba yake. Umri wake wote alichora sehemu mbili tu: kijiji chao cha Chadds Ford kule Pennsylvania, na pwani ya Maine alikokwenda majira ya joto. Majirani, ghala, ndoo, nyasi zilizokauka. Huko Maine palikuwa na jirani, Christina Olson, ambaye miguu ilimkataa. Kiti cha magurudumu hakukitaka; alijiburuta kwa mikono. Mwaka 1948 Wyeth alimchora akiwa ameketi shambani, ametupa mgongo, anaitazama nyumba yake juu ya kilima. Nyasi za shamba lile alizichora unyasi mmoja mmoja, kwa rangi ya unga iliyokorogwa na kiini cha yai. Ulitakiwa uvumilivu wa mtu anayepalilia. Christina alikuwa na miaka 55, na mwili uliomo pichani mchoraji aliuazima kwa mkewe, Betsy, aliyekubali kuketi ili achorwe. Jumba lile lile la New York liliinunua kwa dola 1,800, na leo ni miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi Marekani. Mama mlemavu na shamba la nyasi. Hakuna gari la chini chini.

Basi nani kawaambia kwamba kwetu hakuna cha kuchora? Wala si kweli kwamba sanaa ni jambo la wageni. Mafundi wa Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe, walifua ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu, na msafiri Stanley alipofika kwa mtawala Rumanyika mwaka 1876 alioneshwa sanamu za wanyama za shaba. Walimfua mnyama waliyemjua. Lakini picha za karatasi za enzi ile tumeachiwa na mgeni. Januari 1862 msafiri Speke aliendelea na safari kwenda Buganda, mwenzake Grant akabaki hapa hadi Aprili kwa sababu mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya. Alikuwa na rangi zake za maji, na katika safari ile alichora watu na nchi. Michoro yake imehifadhiwa katika maktaba ya taifa ya Scotland. Namshukuru, lakini je, kumbukumbu ya Karagwe iendelee kungoja mgeni mwingine augue mguu?

Vijana mtasema simu zinapiga picha. Zinapiga, na nyingi zinapotea simu ikidondoka kwenye ndoo. Tena mpiga simu hahitaji kutazama. Anabonyeza na kuondoka. Anayechora mgomba lazima akae nao, ajue jani linapasukia wapi na mkungu unauinamisha vipi. Tangu mnyauko wa bakteria uingie mkoani Kagera mwaka 2006, tumekata na kufukia migomba ambayo wajukuu wetu pengine hawataiona. Nyumba za msonge zimeshakwisha; mtoto wa leo ukimwambia achore nyumba ya babu wa babu yake, atachora bati.

Hapa nina deni langu mwenyewe. Nilipokuwa darasa la nne nilichora fahali wa jirani nyuma ya daftari la hesabu. Pembe yake ya kushoto ilikuwa fupi kuliko ya kulia. Mwalimu mmoja alinishika, akawaonesha wenzangu, darasa zima likacheka kwamba sijui hata kulinganisha pembe mbili. Nikala viboko vinne na ukurasa ukachanwa. Sikuweza kumweleza kwamba yule fahali ndivyo alivyokuwa, alivunjika pembe akipigana. Sikuchora tena.

Simdanganyi mzazi kwamba uchoraji utalipa ada. Wengi waliochora wamelala njaa, na mtoto ajue kusoma, kuhesabu na kulima kabla ya yote. Lakini tunanunua jezi na spika za kutikisa mabati. Kopo la rangi na brashi mbili havitatufilisi. Walimu, mkiona ng'ombe nyuma ya daftari, ulizeni kwanza ni ng'ombe wa nani.

Nawe mwenye baa pale njia panda, ukuta wako wa upande wa barabara ya Nkwenda ungali mweupe. Yule fundi wa saluni anamaliza kazi Ijumaa. Mwite, mlipe bei ile ile ya gari, na umwambie akuchoree mtu anayekanyaga rubisi.