Ufukwe ni wa umma, tusifukuzwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu yaliyotupata Bagamoyo likizo hii ya Juni. Hadi naandika, hasira hazijaniisha.

Mimi ni mkulima wa tumbaku hapa Urambo. Kila siku redioni tunahimizwa utalii wa ndani, tuwapeleke watoto wakaione nchi yao. Hoteli siziwezi, nikaazima hema kwa jamaa yangu. Tukafungasha unga, maharage na jiko la mkaa, tukapanda basi mimi, mke wangu, watoto na mama yangu mzazi. Watoto walikuwa hawajawahi kuiona bahari.

Tulipofika, tuliomba ruhusa kwa mtu aliyejitambulisha kuwa msimamizi wa ufukwe. Akapokea fedha, akatuandikia kikaratasi kisicho na muhuri wala namba. Tukasimika hema chini ya minazi. Giza lilipoingia akaja mlinzi na tochi, akasema yule hahusiki, ada ya hema inalipwa kwake. Nikalipa tena. Mke wangu akiwa anasonga ugali, wakaja watu wawili, wakasema chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi, na moto ni marufuku. Mmoja akachota mchanga kwa koleo akaumwaga jikoni, mchanga mwingine ukaingia kwenye sufuria. Mama akabaki ameshika sahani tupu. Tukaambiwa tukachukue chumba au tuondoke. Usiku uleule tuling'oa hema tukaenda kulala stendi, watoto wana njaa, mbu wanatumaliza. Asubuhi nikaenda ofisi inayohusika, nikajibiwa kuwa mhusika hayupo, nirudi Jumatatu.

Nauliza: ufukwe ule ni wa nani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Mwenye fedha anayejenga ukuta hadi mawimbi yanapogonga haguswi, ila hema linalong'olewa asubuhi ndilo kosa! Tena sisi Wanyamwezi si wageni Bagamoyo. Babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe, huku kwetu Tabora, safari ya miezi mitatu hivi, na walipofika pwani walipiga kambi kwa maelfu. Leo watalii wanapelekwa kusimuliwa habari za misafara hiyo, huku wajukuu wa wapagazi wakifukuzwa kama wezi.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, niseme na la tumbaku. Tunauza, tunapimiwa, kisha tunasubiri malipo hadi tunakopa ada za shule, na fedha ikija imeliwa na makato tusiyoelezwa. Waheshimiwa wakati wa kampeni wanaijua njia ya kila kijiji na kila ghala. Wakishapata kura, simu hazipokelewi. Hao hao ndio wanaotuambia tutalii.

Naziomba mamlaka zitenge maeneo ya kupiga kambi kwa wananchi wa kipato cha chini katika fukwe zetu, zibandike bei hadharani, na kila malipo yawe na risiti halali ya Serikali. Nanyi wasomaji wenzangu mnaopanga kwenda pwani na familia, asiye na risiti msimpe hata shilingi.

Mzazi na mkulima,
Urambo, Tabora.