Marais watatu, bandari moja, mpiga kura yuleyule

Mkazi wa Mlingotini, wilayani Bagamoyo, aliyeipigia CCM kura mwaka 2010, akarudia 2015 na tena 2020, amepewa majibu matatu yanayopingana juu ya jambo moja. Machi 2013, Xi Jinping alipozuru Dar es Salaam, serikali ya Jakaya Kikwete ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni ya China Merchants ya kujenga bandari kubwa Mbegani, katika wilaya hiyo. Oman nayo iliingia kupitia mfuko wake wa akiba, na gharama iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 10. Oktoba 16, 2015, siku 9 kabla ya uchaguzi mkuu, Kikwete aliweka jiwe la msingi. Juni 2019 John Magufuli alisema hadharani kwamba masharti ya mradi ule ni ya kukubaliwa na mwendawazimu tu. Juni 2021 Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati kauli ile inatolewa, alitangaza kwamba mazungumzo yanafufuliwa. Chama ni kilekile.

Ubishi wa vijiweni umekuwa nani alikuwa sahihi, Kikwete au Magufuli. Magufuli alitaja udhamini wa miaka 33 na ukodishaji wa miaka 99, pamoja na sharti la kutoziendeleza bandari nyingine za pwani. Job Ndugai, akiwa Spika, aliutetea mradi. Mimi naelekea kuamini kwamba masharti yalikuwa mabaya. Lakini kuamini si ushahidi, na mkataba wenyewe haukuwahi kuwekwa mezani mwananchi akausoma. Tumebishana miaka nenda rudi juu ya karatasi iliyobaki kabatini, kila mtu akimwamini rais anayempenda.

Hapo huja hoja nzito: Rais amechaguliwa, basi aamue. Magufuli alishinda mwaka 2015 kwa zaidi ya asilimia 58, na Ibara ya 37 ya Katiba inamwacha Rais huru, asilazimike kufuata ushauri wa mtu yeyote. Sitaki kuipuuza hoja hii, kwa sababu nchi isiyo na mwamuzi haiendi. Ila Katiba hiyohiyo, katika Ibara ya 8, inasema mamlaka yote ya serikali yanatoka kwa wananchi. Uhuru wa Ibara ya 37 haujaandikwa ili kuifuta ile ya 8. Na mpiga kura anapotia alama kwenye karatasi hachagui masharti ya bandari. Anachagua mtu, kisha anategemea vyombo vingine vimwangalie mtu huyo.

Vyombo hivyo vingemsaidia hata Kikwete mwenyewe. Aliwahi kuwa mbunge wa Bagamoyo na baadaye wa Chalinze, kwa hiyo maneno kwamba amejipelekea bandari nyumbani yalikuwa lazima yasemwe. Hesabu zingefika bungeni, maneno hayo yangejibiwa kwa tarakimu.

Anayeona utaratibu ni anasa ya mawakili aende Makurunge, upande wa kaskazini wa wilaya hiyohiyo ya Bagamoyo. Mwaka 2013 kampuni ya Kiswidi, EcoEnergy, ilipewa hati ya zaidi ya hekta 20,000 katika iliyokuwa ranchi ya Razaba, ilime miwa. Mwaka 2016 serikali iliusimamisha mradi, na sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda mto Wami na Hifadhi ya Saadani. Baadaye hati ilifutwa. Sababu ile huenda ilikuwa njema kabisa. Lakini mwekezaji alikwenda kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia kule Washington, na Aprili 2022 Tanzania iliamriwa ilipe zaidi ya dola milioni 160. Wakati huo sehemu ya ardhi ile ilikuwa tayari mikononi mwa kampuni ya Bakhresa, na leo kuna miwa na kiwanda cha sukari.

Mwekezaji ana Washington. Mkulima na mfugaji waliokuwa ndani ya ranchi ile miaka yote wana ofisi ya mkuu wa wilaya, ambaye ni mteule wa Rais.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaonyesha vizuri sauti yao inaishia wapi. Rais akitaka kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kukubali au kukataa. Ikizidi hekta 250, mkutano unatoa mapendekezo tu, na Waziri anayafikiria. Kadiri kinachochukuliwa kinavyokuwa kikubwa, ndivyo neno la mwenye ardhi linavyopungua. Kisha anakuja mthamini na daftari: anahesabu minazi na mikorosho, anapima vyumba, anaongeza posho ya usumbufu. Wanawake wa Mlingotini wanaolima mwani hufunga mbegu kwenye kamba maji yakipwa, juu ya mchanga usio na hati. Daftari la minazi haliwafikii kirahisi.

Sioni ugumu wa kuanza na mambo mawili. Kwanza, kikomo cha hekta 250 kigeuzwe, ili eneo kubwa lihitaji ridhaa ya kijiji zaidi kuliko dogo. Pili, mkataba wa ukubwa wa Mbegani upelekwe bungeni kama mikataba ya kimataifa inavyopelekwa chini ya Ibara ya 63, tena kwa muda wa kutosha. Mkataba wa bandari uliohusu kampuni ya DP World ya Dubai uliidhinishwa na Bunge Juni 10, 2023, wakati wananchi wengi ndiyo kwanza wameusikia, na kelele zilizofuata hazikumshangaza mtu.

Watasema hilo litawakimbiza wawekezaji. Mwenye kukopa mabilioni ya dola kujenga gati anaweza kuvumilia miezi sita ya kamati za Bunge. Kinachomtisha, yeye na benki zake, ni mradi unaoweza kuzimwa kwa hotuba moja na kuwashwa kwa nyingine.