Maisha Thelathini na Haki ya Jirani



Mama mmoja wa Kihesa, Iringa, ameniletea shauri ambalo naamini si lake peke yake. Mwanawe wa kidato cha pili aliweka dau la shilingi 2,000 na mtoto wa jirani kwamba ataumaliza mchezo wa Contra kwa maisha matatu tu. Akaumaliza, akachukua fedha. Baadaye ikabainika kuwa alikuwa na maisha 30. Alipokemewa akajibu, "Mama, nimekwisha kutubu." Mama anauliza: je, imetosha?

Kwa wasioujua, Contra ni mchezo wa kampuni ya Konami ya Japani. Ulitoka mwaka 1987, na mwaka uliofuata ukaingia katika mashine za nyumbani za Nintendo. Askari wake hufa kwa risasi moja, na mchezaji huanza na maisha matatu. Lakini akibonyeza mwanzoni juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha B na A, hupewa 30. Mfuatano huo ulibuniwa na Kazuhisa Hashimoto kwa ajili ya mchezo wa Gradius, mwaka 1986. Alipaswa kuujaribu mchezo huo naye akauona mgumu mno, basi akajiwekea wepesi.

Leo hata mashine ile haihitajiki. Ipo programu ya simu inayoiiga, tena humwezesha mchezaji kuhifadhi mahali alipofika. Akifa, hurejea pale pale, na yote yaliyotokea baada yake hufutika.

Kijana akicheza peke yake kwa wepesi huo, sioni aliyedhulumiwa. Mlango aliufungua mtengenezaji mwenyewe. Kosa la kijana wetu liko kwingine, nalo ni mawili. Kwanza, dau lenyewe ni kamari, hata kama angeshinda kwa maisha matatu. Pili, alimficha mwenziwe jambo ambalo, lau angelijua, asingelitoa fedha yake.

Sasa tuje kwenye toba. Nachelea kuwa kijana ameidhania kuwa kama ile programu: unarudi nyuma, na kilichotokea hakikutokea. Wanavyuoni wametufundisha kuwa mwenye kutubu huacha dhambi, huijutia, na huazimia kutoirudia. Ikiwa dhambi imegusa haki ya mja, huongezeka sharti la nne: kumrudishia mwenye haki haki yake, au kumwomba msamaha akasamehe. Shilingi 2,000 hazikufutika. Zimo mfukoni mwa mtoto asiyestahiki, na mwenzake angali anaamini alishindwa kihalali.

Basi nasaha yangu kwako, mama, ni hii. Usimnyang'anye simu ukadhani umemaliza, wala usimpelekee jirani fedha hizo wewe. Mwache mwanao aende mwenyewe, aseme alivyofanya, arudishe. Ikiwa amekwisha kuzitumia, alipe kidogo kidogo kutokana na fedha yake ya matumizi ya shule. Kutoka mlango hadi mlango huko Kihesa ni hatua chache, lakini zitakuwa nzito kwake kuliko mchezo wowote aliopata kuucheza. Akirudi, mpokee kwa upole, usimkumbushe tena.

Na wakitaka kucheza pamoja, wacheze bila dau, kila mmoja akijua mwenzake ana maisha mangapi.

Wabillahi tawfiq.