Saa kwa muchezo wa sataranji: ni haki, si haraka



Katika masomo mengi wanafunzi wanapenda sataranji, ule muchezo unaoitwa kwa Kifaransa échecs. Lakini mbao ni chache na wenye kungoja ni wengi. Wawili wanakaa, mumoja anashika kichwa dakika kumi kwa hatua moja tu, wengine wanasimama nyuma yao, na kengele inalia mbele ya muchezo kwisha. Halafu nani ameshinda? Ni yule mwenye rafiki wengi wa kupiga kelele. Je, hii ni haki?

Dawa iko karibu. Mutu mwenye telefone ya intaneti anaweza kufungua saa ya sataranji bila kuinunua. Kioo kinagawanyika sehemu mbili. Ukisha kusogeza kete, unagusa upande wako: dakika zako zinasimama, za mwenzako zinaanza kukimbia. Mwenye kumaliza dakika zake anashindwa. Lakini kama mwenzake amebaki na mufalme peke yake, ni sare.

Jambo hili si mupya. Katika mashindano ya London mwaka 1851 hakukuwa na kipimo cha wakati, na watu walichoka kungojea. Mwaka 1861 Anderssen na Kolisch walicheza kwa saa za muchanga. Mwaka 1883, kule kule London, zikaanza kutumika saa mbili zilizounganishwa. Wakubwa wa muchezo walitafuta haki. Kwa nini sisi tuikatae?

Wengine wanasema: « Saa itaua akili, mushindi atakuwa mwenye mukono mwepesi. » Neno hili iko na ukweli kama tunachagua dakika tatu. Lakini hakuna anayetulazimisha. Fischer wa Marekani aliliona tatizo hili, akatengeneza saa inayoongeza sekunde kwa kila hatua; ilitumika mwaka 1992 alipocheza na Spassky. Saa za telefone zinafanya vile vile. Tuweke dakika 12, na sekunde 5 kwa kila hatua. Kwa hatua 40, kila mutu anapata karibu dakika 15, na muchezo wote ni karibu nusu saa. Kwa mbao mbili, toka saa nane mpaka saa kumi, michezo minane inakwisha, na wanafunzi 16 wanacheza. Leo ni wangapi wanacheza?

Wengine wanasema: « Telefone inakatazwa, na mega ni feza. » Ni kweli. Basi telefone iwe moja kwa kila ubao, ya mukubwa anayesimamia, na kisha muchezo airudishe kwa mufuko wake. Ukurasa wa saa unakula mega kidogo sana kuliko video. Asimamishe simu zote zinazoingia, azuie kioo kisizimike, na mutu asifungue ukurasa upya katikati, maana hesabu inaweza kupotea. Tena, mukono uliosogeza kete ndio uguse saa, wala tusiipige kama ngoma. Telefone si ya chuma.

Neno moja linabaki, na ndilo kubwa. Kati yetu kuna wenye kucheza kwa telefone nyumbani kila siku, na kuna wengine ambao hawajagusa saa hii hata mara moja. Tukianza mashindano kesho, hawa wa pili watashindwa na kioo, si na akili ya wenzao. Kwa hiyo, mbele ya mashindano, kila mutu apewe michezo miwili au mitatu ya kujizoeza.

Wakati ni kama mukate mezani: mumoja akila wote, wengine wanalala njaa. Tuugawanye sawasawa, na mwenye kufikiri vizuri atashinda bila kelele.