Msalaba wa shaba si chuma kilichovalishwa shaba

Wasomaji watusamehe, ukurasa huu tunauandika na hasira kidogo. Katika sherehe moja ya utamaduni tulimpa mgeni wetu zawadi ya msalaba wa shaba, ule wa wankambo. Tuliununua sokoni, uling'aa vizuri sana. Mvua za mwaka zilipoisha, mgeni akatutumia salamu pamoja na swali: je, shaba ya kwenu inaota kutu? Tukanyamaza. Shaba inakuwa nyeusi, inakuwa ya kijani, lakini kutu ni mambo ya chuma.

Tulipomrudia muuzaji, akacheka: "Bamwalimu, sura njo ile ile. Munataka nini tena?" Yeye anatafuta chakula cha watoto. Wanaotuumiza ni wenzetu wasomi wanaomuunga mkono, eti umbo linatosha, mila iko katika ishara. Tunakataa.

Huko Sanga, kwenye ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale walianza kufungua makaburi mwaka 1957. Walikuta misalaba ya shaba imewekwa pamoja na wafu. Katika makaburi ya baadaye misalaba inakuwa midogo na inakaribiana kwa kipimo, juu ilikuwa imekwisha kuwa feza. Na thamani ya feza ya namna hii iko ndani yake: uzito wa shaba, na jasho la kuyeyusha mawe ya kijani kwa makaa na mivukuto. Dola ya Katanga ya 1960 hadi 1963 ilipochora misalaba mitatu kwenye bendera yake, haikuchora pambo la ukutani.

Sasa tupime ule wa sokoni. Unazamisha chuma katika maji ya salfati ya shaba, unakifunga upande wa kutoa wa umeme, na bamba la shaba upande wa kujumlisha. Ampea 1 kwa saa 1 inalaza karibu gramu 1.2 ya shaba. Kama msalaba una eneo la sentimita mraba 100, pande zote pamoja, ile ni ngozi ya elfu 13 za milimita moja, hesabu yake ni 0.013. Msalaba wa shaba tupu wa eneo hilo, wenye unene wa milimita 5, unakaribia gramu 150. Muuzaji anatuuzia gramu moja kwa jina la mia na hamsini!

Tena kazi yenyewe ni ya haraka-haraka. Chuma kikiingia katika maji hayo, hata bila umeme, shaba inakishika yenyewe, lakini inashika kama vumbi, ukucha unaitoa. Fundi mwenye kujua anatanguliza tabaka ya nikeli. Asipofanya hivyo, vitundu vidogo vinabaki, unyevu unaingia, na chuma kinaliwa mbio kuliko kama kingekuwa peke yake, juu shaba haijitoi kwa ajili ya chuma kama zinki inavyojitoa.

Hatusemi ufundi huu ni mubaya. Senti 1, 2 na 5 za euro ni chuma kilichovalishwa shaba, na walioziweka hawakuficha. Sisi tungefurahi kuona vijana wetu wanavalisha vijiko na fremu za picha, na kuandika chini yake ni kitu gani. Kwa nini wasijue? Baba zao walitumika katika elektrolisisi, Shituru huko Likasi, Luilu huko Kolwezi, na mtoto wa leo anakariri mlinganyo ubaoni bila kuona hata siku moja shaba inapanda juu ya msumari. Hapo kosa ni letu, walimu, tunalikubali.

Lakini katika posa, katika mazishi ya wakubwa, katika zawadi kwa wageni, msalaba wa ngozi usiingie. Tunaiomba kamati ya sherehe ijayo ipeleke sokoni vitu viwili: sumaku, hata ya spika iliyokufa, na tupa. Sumaku inakamata chuma, lakini zinki inaikwepa, ndiyo maana ya tupa. Muuzaji akatae kukwaruzwa kwa ukingo wa msalaba wake? Basi abaki nao.