Malezi: Mwache Afunge Kifungo Mwenyewe

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya mtoto aliyefika miaka sita au saba na bado anavalishwa, analishwa na kubebwa. Wapo katika vijiji vyetu vya mlimani, kuanzia Machame hadi Rombo. Wengine wana mtindio wa ubongo, wengine akili zao zinakwenda polepole, wengine mikono ilipoteza nguvu baada ya malaria kali iliyopanda kichwani. Mama anamwogesha, anamlisha uji, anamlaza kivulini chini ya migomba, kisha anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Mama huyo si mvivu, wala hakupungukiwa upendo. Ila lipo swali linalomnyima usingizi: siku nitakapokuwa sina nguvu, nani atamvalisha?

Iko tiba inayoshughulika na swali hilo hasa. Inaitwa tiba kwa vitendo. Tusiichanganye na mazoezi ya viungo, ingawa mara nyingi huduma hizo mbili hufanya kazi pamoja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anatazama zaidi misuli na maungo, mgongo unyooke na mguu ukanyage. Huyu mwingine anauliza: mtoto huyu anahitaji kufanya nini nyumbani kwao tangu kunapokucha hadi jioni? Kuketi, kushika kijiko, kunawa, kuvaa, kwenda chooni, kucheza na wenzake. Naam, hata kucheza, maana mchezo ndiyo kazi ya mtoto.

Kazi hii ilipata chama chake cha kwanza Marekani mwaka 1917, ikakua kwa kuwahudumia askari waliojeruhiwa vitani. Sisi wa Kilimanjaro hatuna haja ya kwenda mbali. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, ina chuo kinachowafundisha wataalamu hao, na wengi wanaohudumu nchini mwetu wamesomea hapo. Kipo pia kituo cha watoto cha Gabriella, kilichoanzishwa na mama aliyesomea kazi hii. Nayo Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT imeendesha vituo vya mchana kwa watoto wenye ulemavu wa akili.

Sasa tuchukue shati. Sisi tuliozoea tunalivaa huku tukiongea na jirani, lakini kwa mtoto mwenye mkono mmoja mkavu shati ni safari ndefu. Mtaalamu atakufundisha kwamba mkono dhaifu ndio unaotangulia kuingia, na wakati wa kuvua ndio unaotoka mwisho. Jambo dogo, lakini linapunguza machozi mengi. Tena atakuambia umketishe mtoto kwanza, miguu ikanyage chini, maana anayeogopa kuanguka hawezi kuiachia mikono yake ifanye kazi. Kama vifungo ni vidogo mno, tafuta kwenye mitumba pale Memorial shati lenye vifungo vikubwa, au shona vingine.

Kisha unaanzia mwisho. Mvalishe, funga vifungo vyote, ila kile cha mwisho kiingize nusu tu na umwachie akimalizie. Anakivuta, kinapita, na shati limefungwa na yeye! Akishazoea, mwachie kifungo kizima, halafu viwili. Ukimwanzisha kwenye kifungo cha kwanza atachoka kabla ya kuona faida yoyote, na kesho atakataa hata kujaribu. Njia hiyo hiyo inafaa kwa kunawa, kuvaa viatu, hata kumenya ndizi iliyoiva. Inaweza kuchukua miezi, na asubuhi ya haraka mvalishe tu bila kujilaumu. Tenga wakati mwingine wa kujifunza, kama jioni mnapobadili nguo.

Kuhusu chakula tunasema kwa ukali kidogo, maana hapa maisha ya mtoto yamo hatarini. Akina mama wengi humlisha mtoto wa namna hii akiwa amelala chali, au kichwa kikiwa kimeinuliwa nyuma ili uji uteremke. Uji huo waweza kuingia mapafuni ukaleta homa ya mapafu. Mtoto akae wima, kichwa kiiname mbele kidogo, na wewe uketi mbele yake macho kwa macho. Uji mzito kidogo, au mtori uliopondwa vizuri, ni rahisi kuumudu kuliko uji mwepesi. Mpini wa kijiko uuzungushie kitambaa au kipande cha tyubu ya baiskeli uwe mnene, na chini ya bakuli uweke kitambaa kilicholowa ili lisiteleze. Atamwaga, na kuku watafaidi.

Kama hawezi kukaa, vipo viti vinavyotengenezwa kwa maboksi na karatasi kuukuu, vikigandishwa kwa gundi ya unga tabaka juu ya tabaka. Ujuzi huo ulianzia Zimbabwe. Vikikauka vinakuwa vigumu kama ubao, ila huku kwetu masika inaponyesha wiki nzima, kiti hicho kisiachwe nje.

Kinachozuia zaidi, kwa maoni yetu, ni huruma. Bibi anamwona mjukuu anahangaika na kijiko, anamnyang'anya na kumlisha, eti anateseka. Zungumza naye kwa heshima, mwonyeshe, umpe na yeye zamu ya kufundisha. Tukumbuke kwamba Bwana Yesu alipomfufua binti Yairo aliagiza apewe chakula. Hakuona kula kuwa jambo dogo mno kwake. Na baba asibaki kuwa mtu wa kutoa nauli tu. Kubeba mtoto wa miaka saba mgongoni kutoka juu Kibosho hadi barabarani, njia ikiteleza kwa tope, si kazi ya mama peke yake.

Usingoje mtoto akue. Kama shingo haijakaza akiwa na miezi mitano, kama hajaketi kwa miezi tisa, kama ngumi zake zinabaki zimefumbwa, au anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, mpeleke kliniki na uombe uandikiwe rufaa. Ukienda kumwona mtaalamu, chukua kijiko anacholia nyumbani na shati analovaa kila siku. Mweleze pia choo chenu kikoje, mnapikia wapi, na nani anashinda na mtoto wewe ukiwa shambani.