Uloto, Jumuiya na Michango Yetu

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Bariadi, akifariki mtu, kabla jua halijazama daftari la rambirambi limeshafunguliwa. Ni jambo jema na hatulibezi. Ila mtoto wa nyumba hiyo hiyo akilazwa mara nne kwa mwaka kwa selimundu, daftari halionekani. Tunamtaja kwenye nia za Misa, tunaondoka. Wapo hata wanaonong'ona kwamba amelogwa.

Hajalogwa. Utafiti wa watoto wachanga wa Kanda ya Ziwa uliofanyika Bugando, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano amerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja. Zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia amekirithi kwa wazazi wote wawili, na huyo ndiye anayeugua.

Sasa ipo tiba. Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Uloto ni ile nyama laini ndani ya mfupa, na humo ndimo zilimo seli shina zinazozaa damu yote ya mwili. Mafrateri wengi wakisikia "seli shina" hufikiria viinitete, wakaingiwa na wasiwasi. Hapa wasiwasi huo hauna mahali. Seli hizi hutoka kwa ndugu aliye hai, mara nyingi kaka au dada wa mgonjwa, na hati Dignitas Personae ya mwaka 2008 inakubali seli zinazopatikana bila kumdhuru vibaya mwenye nazo.

Kilichotugusa zaidi hakisemwi sana redioni. Ndani ya uloto, seli shina zimezungukwa na seli nyingine, seli za stroma, ambazo zenyewe hazizai damu. Kazi yao ni kulea: huzishikilia seli shina zisihame, huzipa ishara za kemikali za kuishi, kutulia na kuongezeka. Miaka ya 1970 Michael Dexter, huko Manchester, alionyesha kwamba seli shina za panya huendelea kuzaa damu maabara kwa wiki nyingi zikikaa juu ya tandiko la stroma. Bila tandiko hilo hufifia mapema.

Wakati wa kupandikiza, dawa kali hufagia seli shina za zamani, kisha za ndugu huingizwa kwenye mshipa kama mtu anayeongezewa damu. Husafiri zenyewe hadi mifupani. Stroma inayozipokea, kwa sehemu kubwa, ni ya mtoto mwenyewe. Ndugu ameleta mbegu, shamba ni la mgonjwa.

Tukasoma hayo tukajiuliza: hospitali itatoa mbegu, lakini mtoto huyu amezungukwa na nani? Atakaa wodini Dodoma wiki kadhaa. Mama yake ataacha watoto wengine nyumbani na pamba shambani. Ndugu anayetoa uloto naye atasafiri na kukosa shule. Wakirudi, kwa miezi mingi mtoto atakuwa rahisi kuambukizwa, atahitaji maji safi, chakula safi na nauli ya kliniki. Hayo daktari hayaandiki kwenye cheti cha dawa.

Tunapendekeza basi kila jumuiya ifungue ukurasa wa pili katika lile daftari la rambirambi, uwe wa wagonjwa wa muda mrefu, na uchangiwe pamba inapouzwa, wakati fedha ipo. Asiye na fedha aandike siku zake za kupalilia shamba la mama aliye Dodoma. Kwenye mafundisho ya ndoa, wachumba waelezwe pa kupima selimundu, bila kutishwa.

Watakaosema michango imezidi wana haki, imezidi kweli. Tunaweza kuanza kwa kupunguza muziki wa kukodi kwenye sherehe za Kipaimara.